Kulindwa kwa Lazima

Serikali ilipotangaza kwamba hakuna mpangaji atakayetolewa nyumbani mpaka ugonjwa wa kifua uishe, Mzee Geti alishinda kutwa bila kusema na mtu. Alikuwa mwenye nyumba ya vyumba vingi, bomba moja na choo kimoja. Jina hilo alibandikwa na wapangaji, kwa sababu siku mambo yalipomnyookea hakujenga choo cha pili, aliweka geti la chuma lenye simba wawili walionuna. Tangu siku hiyo watu walipanga foleni ya choo wamebanwa na haja, huku simba wanawatazama.

Kilichomkaa rohoni ni chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Alitaka kuubomoa ukuta wake afungue duka la barakoa na sabuni ya mikono, maana aliona wazi kwamba ugonjwa umekuja na riziki yake. Lakini humo ndani walikaa wajane wawili wa mume mmoja, na walikuwa wameng'ang'ania kama kupe.

Kesho yake akaamka mtu mwingine kabisa. Alinyoa ndevu, akapiga pasi shati, akaenda kujiunga na kamati ya mtaa ya kuwalinda walio hatarini. Kumtoa mpangaji lilikuwa kosa, sawa. Kumlinda je? Nani atakushtaki kwa kumlinda mtu?

Na kulindwa kwenyewe kulikuwa hivi. Wazee waliokuwa wakiishi kwa kubanana walipakiwa kwenye gari wakapelekwa ghala moja la zamani la pamba. Humo vitanda vilipangwa mpaka vikagusana, mzee akigeuka huku anampumulia jirani, akigeuka kule anapumuliwa. Kwa kifupi, wazee walikusanywa mahali pamoja ili wasikusanyike. Wa kwanza kulindwa alikuwa bawabu mstaafu wa chumba cha nyuma. Aliondoka amekumbatia redio yake, anapunga mkono kama mtu aendaye kutalii. Haukupita muda, redio ilirudi.

Ndiyo maana asubuhi ile Bi Mdogo aliposikia kipaza sauti kinakoroma getini, aliificha haraka dawa yake ya kupuliza ndani ya blauzi.

Bi Mdogo alikuwa mdogo kwa cheo tu. Kwa umri alishakula chumvi ya kutosha, na pumu alikuwa nayo tangu utoto. Ikimshika, kifua chake kinapiga miluzi kama birika. Mke mwenzake, Bi Mkubwa, alikuwa na magoti mabovu na mdomo mzima. Marehemu mume wao alikuwa seremala, tena mtu wa haki. Vitanda aliwachongea vya aina moja, mpaka vikaanza kulia kwa sauti moja. Alipofariki, wajane walitundika pazia katikati ya chumba, kila mtu na kwake. Sasa mlango ukabaki kwa Bi Mdogo, na dirisha likabaki kwa Bi Mkubwa. Bi Mkubwa hakuweza kutoka bila kupita kwa mwenzake, na Bi Mdogo hakuweza kupata hewa bila kuomba pazia lisogezwe.

"Hodi huko, napita," Bi Mkubwa angesema.

"Pita, ila usinitazamie vitu vyangu."

"Vitu gani? Hiyo sufuria isiyo na mfuniko?"

Na pumu ikibisha hodi, Bi Mdogo angesema, "Hebu sogeza pazia, nakosa hewa."

"Hewa ya nani? Dirisha langu hili." Lakini pazia lilisogezwa. Lilisogezwa kwa matusi, ila lilisogezwa.

Jambo jingine ni hili. Marehemu alikuwa na huruma mno kwa mgonjwa. Mke anayeumwa alichemshiwa maji, akakandwa miguu, akaulizwa leo una hamu ya nini. Basi wake nao wakashindana kuugua. Huyu akishikwa na kichwa, yule anashikwa na kichwa na tumbo. Bwana yule aliishi miaka yote ya ndoa bila kuwa na mke mzima hata mmoja.

Kipaza sauti kikafika mlangoni. Nyuma yake alikuwa Bwana Afya, mkaguzi kutoka ofisi ya mtaa, amevaa koti jeupe lililomzidi mabega na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Alikanyaga ndani bila kukishusha kile kidude mdomoni.

"HABARI ZA ASUBUHI, WANANCHI!"

"Tupo hapa hapa, mwanangu," Bi Mkubwa alisema kutoka nyuma ya pazia. "Tuna masikio bado, usiyamalize."

Mzee Geti aliingia nyuma yake, ananukia manukato, uso ameukunja kwa huruma. Bi Mdogo alimjua tangu zamani, na sura ile hakuwahi kuiona. Hata bati lilipovuja juu ya kitanda chake, Mzee Geti hakuivaa. Alimwambia asogeze kitanda.

Bwana Afya akatoa futi ya utepe, akapima ukuta huu, akapima ukuta ule, akapima mpaka pazia. Halafu akatikisa kichwa.

"Chumba hiki kinamtosha mtu mmoja aliye hatarini. Nyinyi mko wawili. Kwa hiyo mmoja wenu atalindwa leo. Gari liko nje."

"Na anayebaki?" Bi Mdogo aliuliza.

"Huyo atalindwa baadaye."

"Mama zangu," Mzee Geti alisema, mkono kifuani, "mimi naumia sana kuwaona mnabanana namna hii."

"Ala!" Bi Mkubwa akafunua pazia. "Si wewe uliyekijenga? Ulidhani unajenga nini, kiatu?"

Bwana Afya akakohoa kidogo, kikohozi cha ofisini. "Tusipoteze muda. Nani kati yenu yuko hatarini zaidi?"

Wanawake waliokuwa wakigombania ugonjwa ujana wao wote, leo ugonjwa uko mezani, unagawiwa bure, na hakuna anayenyoosha mkono.

"Mimi mzima kabisa," Bi Mdogo aliwahi. Sauti ya redio isiyo na mwenyewe ilikuwa bado inamlia kichwani. "Sijui hata kidonge kina ladha gani. Ila mwenzangu huyu ni mtu mzima sana. Alipoolewa yeye, mimi nilikuwa sijaota meno."

"Haya, maneno hayo!" Bi Mkubwa alidakia. "Bwana Afya, magoti hayaambukizi. Hebu mwulize huyo mtoto wa juzi anapumuaje. Mwulize!"

Walitazamana. Bi Mdogo alijua amemchoma mwenzake, na mwenzake amejibu kwa kisu kirefu zaidi. Mkono ulimwenda wenyewe kifuani, kwenye ile dawa yake ya kupuliza aliyoificha ndani ya blauzi. Akaurudisha chini haraka, akajitia anajikuna.

Bwana Afya hakutaka mabishano ya mdomo. Alisema kila mmoja abebe ndoo ya maji kutoka bombani mpaka chumbani, aitue, kisha ataje jina lake kamili na la baba yake bila kupumzika. Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Kilitoka wapi, hakusema, na hakuna aliyethubutu kumwuliza mtu mwenye futi.

Wapangaji walitoka vyumbani kushuhudia. Msusi wa chumba cha pili aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama kama kimeona jini.

Bi Mkubwa alianza. Magoti yalilia kwa kila hatua, lakini yeye alikuwa anaimba kwa sauti kubwa, magoti yasisikike. Aliitua ndoo, akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, akaongeza na la shangazi yake ambaye hakuulizwa.

"Yuko vizuri," Bwana Afya alisema.

Bi Mdogo akainua ndoo yake. Mpaka nusu ya uwanja alikwenda kama bibi harusi. Kisha kifua kikaanza kujikaza kama kamba iliyolowa maji. Alibana mdomo. Akakanyaga, akakanyaga tena. Maji yalimwagika miguuni, na wala hakuyasikia. Alivuka kizingiti, akaitua ndoo, akafungua kinywa ataje jina lake.

Halikutoka jina. Ulitoka mluzi.

"Umesikia hiyo?" Mzee Geti alidakia, huruma yote imemponyoka, macho yanang'aa. "Bwana Afya, umesikia? Hiyo ni filimbi ya refa!"

"Nimesikia. Mama, kusanya vitu vyako."

Bi Mdogo aliketi kitandani. Hakulia; pumzi ya kulilia hakuwa nayo. Alianza kukunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja upya. Aliwaza vile vitanda vya ghalani, watu wanavyopumuliana, na hakuna dirisha hata la kutukaniwa. Hata wiki hatamaliza. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake lililokataa kutoka.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama kwenye pazia. "Ngoja kwanza," alisema. "Huyu akienda, upande wake anakaa nani?"

Mzee Geti, kwa ile furaha, akasahau kuchunga ulimi. "Huo upande fundi anauanza leo leo, tunauvunja ukuta kwa mbele. Lakini wewe, Bi Mkubwa, usiwe na wasiwasi, hutasumbuliwa hata kidogo."

"Na mlango?"

"Mlango utakuwa wa dukani. Wewe utatumia dirisha. Dirisha ni kubwa, nilipima mwenyewe."

"Nipite dirishani."

"Kwa muda tu."

"Na magoti haya."

"Tutakuwekea kigoda."

Bi Mkubwa alimtazama kwa utulivu mkubwa. Kisha akamtazama mke mwenzake anayekunja gauni lilelile kwa mara ya tatu. Akavuta pumzi ndefu, akamsogelea Mzee Geti karibu, kama mtu mwenye siri, na akamkoholea usoni.

Hakikuwa kikohozi cha kuazima. Kilianzia kwenye visigino. Kilimrusha Mzee Geti nyuma mpaka akakalia ndoo. Bi Mkubwa akaegemea ukuta, akakohoa tena, akajishika mbavu, akasema kwa sauti ya kuaga dunia, "Afadhali nitoe siri, wanangu. Hiki kilinianza tangu nilipotoka kuhani kule kwa muuza mkaa."

Muuza mkaa alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Mtaa mzima ulijua.

Bwana Afya alitoka kwa mruko mmoja ambao haukuwa wa mtu wa serikali. Kabla Mzee Geti hajajikwamua kwenye ndoo, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na kipaza sauti kinanguruma:

"MLANGO USIFUNGULIWE! KILA ALIYEMO ABAKI HUMO MPAKA APIMWE!"

"Mimi ni kamati!" Mzee Geti alipiga mlango kwa ngumi. "Bwana Afya! Mimi mwenzako, ni kamati!"

"KAMATI IKO NDANI AU NJE?"

"Ndani!"

"BASI."

"Lakini na wewe ulikuwa humu!"

"MIMI NILIKUWA KIKAZI."

Inaonekana ugonjwa ule uliheshimu sana watu walio kazini. Mlango ukapigwa alama nyekundu, gari likaondoka, na nje msusi akasikika akicheka mpaka akaomba kushikwa.

Mzee Geti hakuwahi kukaa kwenye chumba chake hicho zaidi ya kusimama mlangoni. Jua lilipopanda, bati likaanza kupiga kelele, ta, ta, na joto likashuka kama blanketi.

"Huwa kunakuwa hivi?" aliuliza, anajipepea kwa kofia.

"Hapana," Bi Mkubwa alisema. "Leo kuna nafuu."

Baadaye alianza kujipinda kwenye kigoda. Mara amekunja mguu huu, mara ule. Wajane walimwona, wakajitia hamnazo.

"Samahani, mama zangu. Haja."

"Choo kipo uani," Bi Mdogo alimjibu, pumzi imemrudia, dawa yake iko wazi mkononi. "Kwenye foleni watakupokea vizuri. Ila mlango umefungwa. Ndoo ile pale."

Mzee Geti akaenda na ndoo nyuma ya pazia, akarudi mfupi kuliko alivyokwenda.

Likaja suala la kulala. Bi Mkubwa ndiye aliyelianzisha, na alilianzisha kwa makusudi, uso mkavu kama kuni.

"Mke mwenzangu, mwanamume huyu analala upande wa nani? Tujue zamu."

"Zamu yako."

"Yangu kivipi? Marehemu alifia kwangu."

"Kwako, lakini ilikuwa zamu yangu. Ulimkatalia asije kwangu, ukasema unaumwa."

"Niliumwa kweli!"

"Hujawahi kuumwa kweli maisha yako yote."

"Basi sawa, kama ilikuwa zamu yako, hujaimaliza. Chukua deni lako hilo hapo limekaa kwenye kigoda. Mimi sina wivu."

"Mama zangu, jamani," Mzee Geti alisema kwa sauti ndogo.

"Kaa kimya, hujaulizwa. Mume hachagui zamu."

Mwisho wake alitandikiwa mkeka chini ya pazia, kichwa kwa Bi Mkubwa na miguu kwa Bi Mdogo, na haki ya marehemu ikawa imetimia.

Aliposinzia, Bi Mdogo akauliza polepole, "Ulikuwa unakohoa kweli?"

"Ungependa?"

"Nauliza tu."

"Yale manukato yake yalinikaba." Kitanda chake kikalia. "Na usijipe kichwa. Mimi sikutaka kupita dirishani."

"Nilikusema vibaya mbele ya watu."

"Ulisema hujaota meno. Uongo huo ndio ulioniudhi. Ulikuwa nayo, tena yamepinda."

Bi Mdogo alicheka mpaka kifua kikapiga mluzi, na Bi Mkubwa akasogeza pazia kabla hajaombwa.

Wakachukuliwa vipimo kupitia dirishani, kwa kijiti kirefu. Msusi alikuwa analeta chakula hapo hapo dirishani, na kila akileta, alikaa kidogo kumtazama mwenye nyumba kama watu wanavyotazama sanamu. Mke wa Mzee Geti alileta kifurushi: dawa za sukari, dawa za presha, na salamu kwamba nyumbani kuna raha, hawana shida. Hizo raha hakuulizwa ni za nini.

Majibu yalipofika, Bwana Afya alirudi na gari lake. Mlango ukafunguliwa, naye akabaki nje hatua kadhaa.

"HONGERENI! WOTE MKO SALAMA!"

Mzee Geti akarukia kofia yake. "Nakwenda kwangu."

"SUBIRI. Aliyetoka mlango wenye alama haendi nyumba nyingine mpaka mtaa wote utangazwe kuwa salama. Anabaki humo humo, ama anapelekwa ghalani. Sheria hiyo uliipendekeza wewe kwenye kikao. Ulisema itawazuia wapangaji kuzurura."

Mzee Geti akaiweka kofia chini.

"Sasa," Bwana Afya aliendelea, anavuta utepe wa futi, "naona hapa tuna watu watatu chumba kimoja. Kimezidi. Mmoja lazima alindwe. Nani ana maradhi ya siku nyingi?"

"Mimi nina pumu," Bi Mdogo alisema. Alilisema wazi, na akashangaa kwamba halikumwua.

"Mimi magoti," Bi Mkubwa alisema. "Sasa huyu bwana ana sukari, ana presha, na umri wake ni sawa na wa marehemu, alitahiriwa naye. Hizo nywele usizitazame, ni rangi."

Bwana Afya aliwapima wote watatu kwa macho, na macho yake yakaishia kwa mwenye nyumba. "Mzee," alisema, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti, "wewe ndiye uliye hatarini zaidi. Kusanya vitu vyako."

Mzee Geti alilitazama gari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na benchi moja ndefu. Naye redio ile aliiona iliporudi. Ni yeye aliyeipokea.

"Bwana Afya," alisema, jasho linamtoka, "mbona chumba hiki ni kikubwa?"

"Kikubwa?"

"Kikubwa sana! Watu watatu tunapishana bila kugusana. Hewa inapita, dirisha hilo, mlango huu."

"Hawajasikia huko nyuma," Bi Mkubwa alisema, maana uwanja ulishajaa watu. "Mpe kipaza sauti."

Bwana Afya, sijui kwa uchovu au kwa utundu, akampa. Na Mzee Geti, kamati nzima ndani ya shati lililochakaa, akautangazia mtaa kwa sauti inayotetemeka kwamba chumba cha mbele kinawatosha waliomo, kwamba hawa mama hawabanani, na kwamba hakuna haja ya kumlinda mtu.

"Na ukuta?" Bi Mdogo aliuliza.

"UKUTA... UKUTA HAUGUSWI."

"Na mlango ni wa nani?"

"WAO! NI WAO!"

Watu wakapiga vigelegele. Bwana Afya alisema kama mwenye nyumba mwenyewe ameridhika, yeye ni nani. Akachukua kipaza sauti chake, akapanda gari. Bi Mkubwa alimgeukia mke mwenzake na kicheko tayari mdomoni.

Lakini gari halikwenda mbali. Lilisimama kwenye geti la jirani, kwa yule mzee fundi saa anayekaa na wajukuu zake. Ofisi ilitaka mtu, na gari haliwezi kurudi tupu. Walisikia mlango unagongwa. Walisikia futi inavutwa. Kisha sauti ya fundi saa, nyembamba, yenye haraka: yeye mzima, mzima kabisa, anaweza hata kubeba ndoo.

Kicheko cha Bi Mkubwa kikamfia. "Mjinga yule," alinong'ona. "Anajisifu uzima."

Bi Mdogo alikuwa ameshavuka upande wa mwenzake bila hodi. Alipanda kwenye kitanda cha Bi Mkubwa na viatu vyake, akatoa kichwa dirishani, akajipulizia dawa mara moja, na kwa pumzi yote aliyokuwa nayo duniani akapiga kelele:

"Kohoa, baba! Waite ndani kwanza, halafu kohoa!"